Mapumziko ya divai na chakula kule Franschhoek: nani anaonja, nani anachuma

Kila siku ya posho asubuhi, mji mdogo wa Franschhoek kule Afrika ya Kusini unajaa watu wenye hawakuja kufanya kazi. Wanapanda tramu yenye kuwa wazi kila upande, wanashuka kwenye shamba moja la mizabibu, wanaonja divai, wanakula kidogo, wanapanda tena kwenda shamba lenye kufuata. Jioni wanalala katika nyumba ya wageni palepale shambani. Kesho yake wanaamka polepole na kukaa tena mezani. Siku mbili ao tatu hivi, kisha wanarudi Cape Town ao wanapanda ndege kwenda Ulaya.

Biashara hiyo ya kuuza mapumziko pamoja na sahani na glasi njo leo inashikilia mashamba mengi ya eneo hilo. Kwa msikilizaji wa Bukavu ao wa Lubumbashi, mwenye anaona chupa za Afrika ya Kusini zimepangwa dukani, inafaa kujua namna mambo yanaendeshwa kule zenyewe zinatoka. Mapumziko hayo ni matamu kweli, hakuna haja ya kudanganya. Lakini katika bili ya mgeni kuna sehemu moja yenye haiandikwe, na ni sehemu yenye watu wa kule wamebishania kwa miaka mingi, mara moja hata kwa moto na mawe barabarani.

Kona ya Wafaransa yenye haina Kifaransa

Kutoka Cape Town mpaka Stellenbosch ni karibu kilomita 50, na mpaka Franschhoek karibu 80. Milima ya mawe inazunguka mabonde. Mvua inanyesha wakati wa baridi, katikati ya mwaka. Wakati wa joto, kuanzia mwezi wa 12, mvua ni kidogo sana na upepo mkali unavuma kutoka kusini-mashariki. Mzabibu unapenda hali ya namna hiyo, ju zabibu zikiiva wakati wa mvua zinashikwa na ukungu na kuoza. Sehemu zetu zenye mvua karibu mwaka mzima zingeusumbua sana.

Waholanzi wa kampuni ya VOC walifika Cape mwaka wa 1652 ili kufungua kituo cha kulisha mabaharia wenye kwenda Asia. Mkubwa wao, Jan van Riebeeck, aliandika katika daftari lake kama divai ya kwanza ya pale ilikamuliwa tarehe 2 mwezi wa pili mwaka wa 1659. Stellenbosch ilianzishwa 1679. Halafu, 1685, mfalme Louis XIV wa Ufaransa alifuta amri yenye ilikuwa inawalinda Waprotestanti wa inchi yake. Wengi walikimbia, na karibu 200 kati yao walisafirishwa mpaka Cape, zaidi mwaka wa 1688. Walipewa ardhi katika bonde lenye Waholanzi waliita Olifantshoek, maana yake kona ya tembo. Polepole likageuka Franschhoek, kona ya Wafaransa. Kupewa ni neno la kampuni. Mbele yao Wakhoi walikuwa wanachungia ng'ombe na kondoo wao pale, na hakuna mtu aliwauliza.

Kampuni haikutaka Kifaransa kiendelee shuleni na kanisani, na mbele karne ya 18 kufika mwisho kilikuwa kimekufa. Majina yamebaki: La Motte, La Provence, Mont Rochelle, Dieu Donné. Mkongomani akipita pale anacheka kidogo. Kwetu Dieudonné ni jina la mjomba. Kule ni jina la chupa, na mwenye kukuuzia analitamka kwa njia yenye mjomba hangeitikia. Bendera ya Ufaransa inaning'inia mbele ya duka nyingi. Inauza vizuri.

Kuonja kunaendaje

Divai inatoka mahali pamoja na kasiksi yetu ya ndizi: sukari ya tunda, hamira yenye kuila sukari hiyo, na pombe yenye kutoka. Tofauti kubwa iko katika subira. Zabibu zinachumwa kati ya mwezi wa kwanza na wa ine, zinapondwa, zinachachuka siku kadhaa ao majuma kadhaa. Divai nyekundu inachachuka pamoja na maganda, kwani rangi na ule ukakasi vinatoka ndani ya ganda. Nyeupe inakamuliwa kwanza, maganda yanawekwa pembeni. Divai nyingine inatiwa chupani ingali changa. Nyingine inalazwa mwaka ao zaidi katika mapipa ya mti wa mwaloni, yenye mengi yanaagizwa Ufaransa na bei yake si ya kuchezea.

Mgeni akifika shambani anawekewa mbele glasi tano ao sita, kila moja na kidogo tu chini yake. Mara nyingi analipa kati ya randi 100 na 250, na mashamba fulani yanamuondolea pesa hiyo akinunua chupa. Ananusa, anazungusha mdomoni, na akitaka anatema katika chombo chenye kimewekwa hapo. Kwa mtu wa kwetu kutema kinywaji chenye umelipia inaonekana kama matusi, ao wazimu. Lakini mtu akimeza yote kwenye mashamba ine, ya tano haonji kitu tena. Na akiwa anaendesha gari, sheria ya Afrika ya Kusini inamkataza kupita gramu 0.05 za alkoli katika mililita 100 za damu, kipimo chenye kinafikiwa haraka. Njo sababu moja kubwa ya ile tramu yenye ilianza kupeleka wageni mwaka wa 2012, kwenye kipande cha reli ya zamani yenye haikukuwa na kazi tena. Sehemu nyingine ya njia inafanywa na basi. Mtu anakunywa, mwengine anaendesha.

Majina mawili yanatosha kwa mwanzo. Chenin Blanc ni nyeupe, njo imepandwa zaidi kuliko zote, na hakuna inchi nyingine yenye iko na Chenin Blanc nyingi kupita Afrika ya Kusini. Pinotage ni nyekundu na ni ya kwao kabisa: ilitokezwa 1925 Stellenbosch na mwalimu Abraham Perold, mwenye aliunganisha mizabibu miwili ya Ufaransa, Pinot Noir na Cinsaut. Wengine wanaipenda, wengine wanasema inanuka ndizi ao moshi. Kila mtu na ulimi wake.

Jikoni kwa watumwa

Watu wengi wanakuja ju ya divai na wanakumbuka chakula. Mashamba yanajua hivyo. Kuonja kunaunganishwa na fromage, na chokoleti, na nyama kavu yenye wanaita biltong. Fundi wa divai atakuambia namna ukakasi wa divai nyekundu, ule wenye unakausha mdomo kama vile umeuma ndizi mbichi, unalainika ukikutana na mafuta na protini ya nyama. Mtu anaweza kuijaribu nyumbani na kipande cha fromage ya Masisi. Haihitaji mwalimu.

Lakini chakula chenye kinafanya Cape iwe Cape hakikutoka Ufaransa wala Uholanzi. Kati ya 1652 na 1808 karibu watumwa 63,000 waliletwa pale. Walitoka Madagascar, Msumbiji na pwani ya Afrika ya mashariki, India, na visiwa vyenye leo ni Indonesia. Njo wao walichimba mitaro ya mashamba, wakapanda mizabibu, wakachuma, wakajenga zile nyumba nyeupe zenye kuta za duara juu, zenye wageni wanapiga picha leo. Na njo wao walikuwa jikoni.

Bobotie ni mfano mzuri. Ni nyama ya kusaga yenye imepikwa na bizari, kitunguu, zabibu kavu na kitu kidogo chenye uchachu, halafu inafunikwa na mayai na maziwa na kuingizwa katika furu. Utamu na chumvi viko pamoja mdomoni, na majani ya limau ao ya bay juu yake. Viungo hivyo vilipita bahari ndani ya kichwa cha watu wenye walifungwa minyororo. Wazao wao wengi ni Waislamu hata leo, watu wenye dini yao inawakataza pombe. Na chakula chao kinawekwa pembeni ya glasi ya divai katika restora zenye bei kubwa. Kuna tena mchuzi wa kondoo na maua ya mayini, waterblommetjie, yenye yanaota katika madimbwi wakati wa mvua. Ujuzi wa ua hilo ulitoka kwa Wakhoi. Samaki wa snoek anachomwa na jamu ya apriko juu yake. Ukisikia kwa sikio inaonekana vibaya, ukila unaomba tena.

Mapishi hayo yalikaa miaka mingi bila kuandikwa katika menyu za mashamba makubwa, ju yalihesabiwa kuwa chakula cha watumishi. Sasa yamepanda bei. Shamba la Solms-Delta, karibu na Franschhoek, lilifungua hata makumbusho ndogo yenye kuonyesha historia ya watumwa wa shamba lenyewe. Mashamba mengi bado yanaandika ukutani hadithi ya familia moja ya Ulaya, na kunyamaza ju ya wengine.

Sababu gani walifungua milango

Mwanzoni shamba la divai halikuwa mahali pa kutembelea. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 mkulima alitoa zabibu zake ao divai yake kwa wanunuzi wakubwa, na chama kikubwa cha KWV, chenye kilianzishwa 1918, kiliongoza bei na kiasi. Mkulima hakujua nani alikunywa kazi yake. Mwaka wa 1971 wakulima watatu wa Stellenbosch, Frans Malan wa Simonsig, Spatz Sperling wa Delheim na Neil Joubert wa Spier, walianzisha njia ya divai ya kwanza ya inchi hiyo. Malan alikuwa ameona mfano Ufaransa, mkoa wa Burgundy: vibao barabarani, mlango wazi, mgeni anaonja na kubeba chupa mwenyewe. Wazo lilikuwa jepesi, na lilienea katika mabonde yote ya jirani.

Hesabu yake ni hii. Afrika ya Kusini iko na mizabibu ya divai kwenye hekta chini kidogo ya 90,000. Zaidi ya nusu ya divai yenye inauzwa inje haitoke katika chupa. Inasafirishwa katika mifuko mikubwa ya plastiki ndani ya kontena, maelfu ya lita kwa mara moja, na inatiwa chupani Ujerumani ao Uingereza. Bei ya lita hapo ni ndogo sana, na kazi ya chupa, kizibo, karatasi na duka inalipwa kule. Mtu wa Kivu anaijua hesabu hii bila kufundishwa: kahawa ya Idjwi inatoka katika gunia, na mwenye kuichoma na kuiweka katika pakiti nzuri iko mbali.

Chupa yenye imeuzwa mlangoni pa shamba, kinyume, haina mtu wa katikati. Ongeza chakula, ongeza kitanda, ongeza ndoa yenye inafanyiwa bustanini na wageni 150, na shamba lenye lingekufa na divai peke yake linapata kupumua. Kuna mashamba yenye divai yao ni ya kawaida tu, na yanaishi vizuri ju ya restora.

Ugonjwa wa Covid ulionyesha namna mkono huo umekuwa wa lazima. Tangu mwisho wa mwezi wa tatu 2020 mpaka katikati ya 2021, serkali ilikataza uuzaji wa pombe mara ine, kusudi lopitali zisijazwe na watu wenye kuumia ju ya ulevi. Kwa muda fulani hata kusafirisha divai inje kulizuiwa. Mipaka ilifungwa, tramu ikasimama, vitanda vikabaki bila mtu. Mizabibu haikungoja: zabibu ziliiva kama kila mwaka, na matanki yalikuwa yangali yamejaa divai ya mwaka wenye umepita.

Kopo la asubuhi, kopo la saa sita

Kisha utumwa kukwisha, 1834, na miaka ine mingine ya kazi ya kulazimishwa yenye waliita mafunzo, wenye mashamba waliogopa kubaki bila mikono. Kati ya mambo yenye yalishikilia watu, moja lilikuwa chungu zaidi: kulipa sehemu ya mshahara kwa divai. Waliita dop. Mfanyakazi alipewa kopo asubuhi, kopo nyingine wakati wa kazi, nyingine jioni, na mara nyingi ilikuwa ile divai mbaya yenye haiuzike. Mtu aliingia shambani kijana mzima na miaka kumi nyuma hakuweza kutoka, ju kiu yake ilikuwa mikononi mwa patron wake, na nyumba yake tena, na mara nyingine deni lake dukani mwa patron huyohuyo.

Sheria ilikataza, lakini katika mashamba fulani zoea hilo liliendelea mpaka miaka ya 1990. Lilipokwisha, pombe ya bei rahisi ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Jimbo la Western Cape ni kati ya sehemu za dunia zenye watafiti wamekuta watoto wengi zaidi wenye walizaliwa na ulemavu ju mama alikunywa pombe wakati wa mimba: uso wenye alama fulani, mwili mdogo, shida ya kujifunza yenye haiponi. Watoto hao wako shuleni leo, kilomita chache na zile meza zenye vitambaa vyeupe. Ukweli huo hauandikwe katika karatasi za utalii, na kwa haki yote ungepaswa kuandikwa.

Halafu kuna mshahara. Mwaka wa 2012 mshahara wa chini kisheria wa mfanyakazi wa shamba ulikuwa randi 69 kwa siku, karibu dola 8 za wakati ule. Mwezi wa 11 mwaka huo wachumaji wa De Doorns, bonde la zabibu za kula lenye liko karibu kilomita 140 na Cape Town, waliacha kazi. Waliomba randi 150. Mgomo ulienea katika miji mingi ya mashamba, barabara kubwa ya N1 ikafungwa, mizabibu ikachomwa, polisi wakatupa risasi za mpira, na watu walikufa. Tangu tarehe 1 mwezi wa tatu 2013 serkali iliweka randi 105. Wenye mashamba wengine walilipa. Wengine walinunua mashine za kuchuma na kupunguza watu wa kudumu, wakabaki na vibarua wa msimu.

Leo mshahara wa chini ni mmoja kwa karibu kazi zote. Mwezi wa tatu 2025 uliwekwa randi 28.79 kwa saa, maana yake karibu randi 260 kwa siku ya masaa tisa, ao dola 15 hivi za wakati ule. Ukilinganisha na randi 69 za 2012, ni hatua, hata kama bei ya mkate nayo haikusimama. Ukilinganisha na meza ya mgeni, ni kitu kingine: katika restora za juu za Franschhoek, chakula cha mtu mmoja pamoja na divai zake kinaweza kupita mshahara wa juma nzima wa mchumaji. Hapo hakuna wizi, kwani bei ya restora iko wazi na mshahara ni wa sheria. Lakini mtu mwenye anataka kujua sababu gani siku ile walichoma mizabibu, aanze na hesabu hiyo.

Wageni wengine, wenye hawana tikiti

Kazi ya msimu inavuta watu kutoka mbali. De Doorns hiyohiyo, mwezi wa 11 mwaka wa 2009, watu karibu 3,000, wengi Wazimbabwe, walifukuzwa katika vibanda vyao na majirani wenye walisema wageni wanakubali mshahara mdogo na kuwanyanganya kazi. Walilala miezi mingi ndani ya mahema kwenye uwanja wa rugby. Wasikilizaji wenye wako na ndugu Cape Town hawashangai. Wakongomani wengi wenye walikimbia vita ya Kivu wanaishi katika mji huo, wanalinda magari ya watu, wanafanya kazi ya ulinzi, ya saluni, ya jikoni, na wanaijua hofu hiyo, wao pia.

Kuna hadithi yenye ilienda upande mwengine. Wazimbabwe ine wenye walifika Afrika ya Kusini kutafuta maisha walianza kwa kazi ndogondogo za restora, wakajifunza divai kwa kuitumikia wengine, na wakawa mafundi wa kuichagua na kuieleza mezani. Ni Joseph Dhafana, Tinashe Nyamudoka, Marlvin Gwese na Pardon Taguzu. Mwaka wa 2017 walienda Burgundy kushindana na mafundi wa dunia katika kuonja bila kuona chupa, wakiwa timu ya kwanza ya Zimbabwe. Filamu ya 2021, Blind Ambition, inaonyesha safari yao. Dhafana alikuwa mkimbizi mwenye alivuka mpaka ndani ya kontena ya treni. Lakini ulimi walikuwa nao.

Na kati ya watu wa inchi yenyewe, Ntsiki Biyela, mwenye alikulia katika kijiji cha Mahlabathini, KwaZulu-Natal, alipata bourse ya kwenda kusoma kutengeneza divai Stellenbosch mwaka wa 1999 bila kuwa ameonja divai hata siku moja. Masomo mengi yalikuwa katika Kiafrikaans, luga yenye hakuijua. Mwaka wa 2004 akaanza kazi ya kutengeneza divai, mwanamke mweusi wa kwanza kuifanya katika inchi hiyo. Sasa iko na divai yake mwenyewe, Aslina, jina la nyanya yake mwenye alimulea. Kitu kimoja tu: kama wengi wenye walianza bila urithi, alianza kwa kununua zabibu za wengine. Ardhi ya mabonde hayo ni ghali, na sehemu ya mashamba yenye iko mikononi mwa watu weusi ingali ndogo sana, miaka zaidi ya 30 kisha ubaguzi kuanguka.

Kugawa ardhi na wafanyakazi kumejaribiwa. Solms-Delta, ile ya makumbusho, iliwapa wafanyakazi wake sehemu ya theluthi katika biashara, na watu walikuja kutoka mbali kuitazama. Miaka kumi na kitu nyuma, shamba likazama katika madeni. Kuwa na hisa katika shamba lenye halipate faida ni kugawana shida. Wafanyakazi wa pale walijifunza hivyo kwa njia ngumu. Mashamba mengine yalichukua njia ya biashara ya haki, yenye mnunuzi wa Ulaya analipa kidogo zaidi na ziada inaenda kwa kreshi ya watoto, kwa basi ya shule, kwa kliniki. Afrika ya Kusini njo inaongoza dunia kwa divai ya namna hiyo.

Kwa mwenye atapita pale, ao atanunua tu chupa

Mtu mwenye atapata viza na siku mbili za bure, bora aende mwezi wa pili ao wa tatu, wakati wa kuchuma. Bonde lina harufu ya zabibu zenye kuchachuka, na matrekta yanapita yamejaa. Kazi inaanza mapema sana, mbele jua halijapanda, ju zabibu zenye baridi zinafika nzuri zaidi; mgeni mwenye ataamka saa kumi na mbili atawaona wachumaji katikati ya mistari, wameinama, na makasi mkononi na kikapu karibu na miguu. Mwenye ataamka saa ine ataona mistari tu. Mwezi wa sita na wa saba kuna baridi na mvua, mizabibu ni miti mikavu, lakini hoteli zinashusha bei na moto unawashwa ndani ya restora.

Meza ya kuonjea ni mahali pazuri pa kuuliza maswali, na watumishi wengi wanafurahi kuyajibu: nani anachuma hapa, wanakaa shambani ao wanaletwa na lori, shamba liko na muhuri wa WIETA? WIETA ni shirika lenye lilianzishwa 2002 ili kukagua namna wafanyakazi wa divai wanatendewa: mshahara, nyumba, dawa za kupulizia, haki ya kuingia katika sendika. Wakaguzi hawaone kila kitu, na wafanyakazi wa mashamba fulani wamelalamika hata kisha ukaguzi. Lakini patron mwenye amekaguliwa anajua kuna mtu atarudi.

Na mwenye hatafika Franschhoek, mwenye anasimama tu mbele ya rafu Lubumbashi ao Goma, anaweza kugeuza chupa. Shingoni mara nyingi kuna karatasi ndogo yenye namba, ya serkali, yenye kuhakikisha kama zabibu zilitoka kweli mahali penye pameandikwa. Utaratibu huo ulianza 1973. Alama ya WIETA, kama iko, ni nyingine, na mashamba yalianza kuibandika 2012, mwaka uleule wa mgomo. Ni ndogo. Inahitaji kuisogeza chupa karibu na taa.